Piano ya "mistiki": ni nini kinachotokea ndani ya msikilizaji?



Nianze na kosa langu mwenyewe, maana bila kosa hilo nisingeandika makala hii.

Mwezi uliopita nilialika watu kama 30, wengi wao wenzetu wa chama, waje Jumapili jioni kusikiliza piano katika nyumba moja ya mbao hapa Himbi. Mpigaji ni kijana anayepiga kinanda kwenye korali ya kanisa moja la mtaani. Kinanda tuliazima, spika kubwa pia tuliazima, na umeme siku hiyo haukutusumbua. Katika ujumbe wa mwaliko niliandika hivi: "Jioni ya piano mistiki." Nilikuwa nimesoma maelezo ya Kifaransa yanayouita muziki huo mystique. Nikaona ni neno zuri, la kuvuta watu, nikalibeba zima zima bila kulipima.

Mtu wa Goma ameshaona shida iko wapi. Katika Kifaransa cha vitabuni, mystique ni habari ya mtu anayemtafuta Mungu kwa ndani, katika sala na kimya. Katika Kiswahili chetu cha mtaani, mistiki ni kitu kingine kabisa. Mfanyabiashara akitajirika haraka, watu watasema "ule iko mistiki." Pete kubwa kidoleni, mistiki. Golikipa asiyefungwa, mistiki. Neno lilivuka kutoka Kifaransa kuja kwetu, na njiani likabadilisha mizigo.

Siku chache baada ya jioni ile, wazee wa kanisa walimwambia mpigaji apumzike kwanza. Walikuwa na sababu mbili: alipiga muziki wa mistiki, kama mwaliko ulivyosema, na mtu mmoja alisimama katikati akakimbia. Sasa ni juma la tatu hajagusa kinanda, maana kinanda anachofanyia mazoezi ni cha kanisa, na chake hana. Hakulalamika. Aliniomba kitu kimoja tu: "Yaya, andika vizuri kile kilifanyika, hata wao waelewe." Jumamosi hii wazee watakaa naye. Basi naandika. Naandika kwa ajili yake, na kwa ajili yetu pia tuliokuwa mle ndani, kwa sababu kila mmoja alitoka na hali yake na karibu wote tulishindwa kusema ilitoka wapi.

MUZIKI WENYEWE NI WA NANI?

Vipande vinne tulivyosikia vilitungwa na mtawa wa Ethiopia, Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. "Emahoy" ni jina la heshima la watawa wa kike katika kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, kama vile Wakatoliki wa kwetu wanavyosema "ma sœur".

Alizaliwa Addis Ababa tarehe 12 Desemba 1923 katika familia ya watu wakubwa, wakamwita Yewubdar. Akiwa na miaka 6 alipelekwa Uswisi kusoma pamoja na dada yake, na huko ndiko alikoanzia muziki. Kisha Italia ikavamia Ethiopia. Mwaka 1937 familia yake ilikamatwa na kupelekwa uhamishoni, kwanza kwenye kisiwa cha Asinara, halafu Mercogliano karibu na Naples. Watu watatu wa familia yake waliuawa. Baada ya hapo alisoma muziki Cairo chini ya Alexander Kontorowicz, mpiga violini kutoka Poland.

Alipopata nafasi ya kwenda kusoma muziki London, hakuruhusiwa kuondoka. Aliumia mpaka akaacha kula, akalazwa hospitalini, akafika karibu na kufa. Aliponyanyuka pale aliiacha dunia ile yote, akaenda Gishen Mariam, monasteri iliyo juu ya mlima huko Wollo. Akiwa na miaka 21 alikuwa tayari mtawa. Kule mlimani alikaa kama miaka 10, akitembea bila viatu.

Baadaye alirudi kwenye piano. Katika miaka ya 1960 alisoma nyimbo za kale za kanisa lake huko Gondar, zile ambazo Waethiopia wanasema zilianzishwa na Mtakatifu Yared katika karne ya 6. Mwaka 1967 alirekodi sahani zake za kwanza Ujerumani, na mapato yake yakaenda kwa wahitaji na yatima. Mwaka 1984 alihamia Yerusalemu, akaishi kwenye monasteri ya Waethiopia. Dunia ilimjua kwa upana mwaka 2006, nyimbo zake zilipotolewa kama namba 21 ya mfululizo wa Éthiopiques. Alifariki Yerusalemu Machi 2023 akiwa na miaka 99.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuwaambia wazee ni hili: aliyetunga muziki ule ni mtawa aliyetunga pia vipande vyenye majina ya Golgota, Mto Yordani na Bustani ya Gethsemane. Lakini sitaki kudanganya kwa kuchagua upande mmoja. Kuna kipande chake kingine kinachoitwa Machozi ya Mwisho ya Marehemu, na kingine Balada ya Roho. Mtu akitaka kumtakasa atasoma majina ya kwanza, na mtu akitaka kumshitaki atasoma ya pili. Majina hayatoshi. Lazima twende kwenye sauti yenyewe na kwenye sikio.

WATU WALISEMA NINI?

Jioni ile hatukutaja jina la mtunzi wala jina la kipande. Baada ya kila kipande niliomba watu waseme sentensi moja tu. Haya ndiyo niliyoandika kwenye daftari.

Dada mmoja alilia toka kipande cha kwanza. "Sijui juu ya nini ninalia," alisema, huku akicheka na machozi yanatoka. Kijana mmoja wa uchumi aliuliza kwa sauti: "Sebene itaingia saa ngapi?" Watu wakacheka, lakini alikuwa anauliza kweli. Papa mmoja mwenye nyumba jirani, aliyeingia tu kwa kusikia kinanda, alisema: "Iko sawa likembe ya baba yangu, ile alikuwa anapiga magaribi." Mwingine alisema, "Mimi nililala, munisamehe." Msichana mmoja alinyosha mkono wake kutuonyesha jinsi nywele zilivyosimama. Katika kipande cha tatu kijana mmoja alisimama ghafla, akatoka, hakurudi. Hapo mtu wa nyuma akasema kwa sauti ya chini, ile ya kutosha wote wasikie: "Nilisema hii muziki iko mistiki."

Muziki ni ule ule, chumba ni kile kile, na majibu ni sita. Kama kulikuwa na roho mle ndani, basi ilikuwa roho isiyojua inataka nini. Tuchukue majibu hayo moja moja.

MACHOZI: NOTI MBILI TU

Wale wanaoimba korali wanajua do, re, mi. Piga kwenye kinanda do, re, mi, sol, la. Hizo ni sauti tano, na nyimbo nyingi za kwetu zinatembea humo. Ethiopia pia ngazi hiyo ipo, wanaiita tizita. Sasa shusha mi nusu sauti, shusha na la nusu sauti, ziwe mi bemoli na la bemoli. Piga tena polepole: do, re, mi bemoli, sol, la bemoli. Hii nayo ni tizita, ile ndogo. Umebadilisha noti mbili tu kati ya tano, lakini chumba chote kimebadilika hali ya hewa.

Neno tizita lenyewe kwa Kiamhari linabeba kumbukumbu, pamoja na hamu ya kile ambacho hakiko tena. Waethiopia wana ngazi nyingine za namna hiyo: bati, ambassel, anchihoye. Emahoy alilelewa na muziki wa Ulaya mkononi na ngazi hizi masikioni, akavichanganya.

Kwa nini ngazi hiyo ndogo inamgusa mtu wa Goma asiyejua Kiamhari hata neno moja? Sehemu ya jibu iko kwenye sauti. La ile wanamuziki wanayopimia vyombo hutetemeka mara 440 kwa sekunde. Si bemoli, jirani yake wa nusu sauti, hutetemeka kama mara 466. Zikipigwa pamoja, au moja ikiwa bado inalia wakati nyingine inaanza, mitetemo hiyo haikubaliani, na sikio linasikia mkwaruzo. Katika tizita ndogo kuna majirani wa namna hiyo, re na mi bemoli, sol na la bemoli, na kwenye piano pedali inaziacha noti ziendelee kulia moja juu ya nyingine. Mkwaruzo huo unaomba kutulizwa. Mtunzi akiutuliza unapumua, akiuchelewesha unabaki umebeba kitu.

Sehemu nyingine ya jibu ni mazoea. Tangu utotoni tunasikia sauti za aina hiyo kwenye matanga, kwenye filamu, kwenye nyimbo za Ijumaa Kuu. Sikio limefundishwa mahali pa kulia. Na dada yetu, kama alivyoniambia baadaye, alikuwa na wa kumlilia. Muziki ulimfungulia tu mlango.

"SEBENE ITAINGIA SAA NGAPI?"

Swali hili tulilicheka bure. Ndilo swali la kisayansi kuliko yote.

Ubongo wa msikilizaji haukai ukingoja kupokea. Unatabiri. Unapiga hesabu ya pigo linalokuja, na ukipatia unafurahi. Sisi tumekulia kwenye rumba, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa utamaduni wa binadamu Desemba 2021. Rumba inaanza taratibu, inaimba habari yake, halafu gitaa linashika na sebene inaingia, na kila mtu kwenye ngoma anajua itaingia. Mwili wetu umejifunza ahadi hiyo.

Muziki wa Emahoy hauna pigo la kushikilia. Unakwenda kama mtu anayetembea peke yake, anaharakisha, anasimama, anaangalia nyuma. Mkono wa kulia unapambapamba noti moja kama sauti ya msomaji wa kanisani, kisha kimya. Ubongo unatabiri, unakosa. Unatabiri tena, unakosa. Hali hiyo ya kukosa kosa ndiyo wengine wanaiita "kuna kitu hapa sikielewi", na kwa mtaa wetu kitu nisichokielewa kina jina tayari.

Mwenye kulala naye yuko hapa hapa. Mtu akiacha kutabiri, akaamua tu kukaa ndani ya sauti, pumzi inashuka. Mwaka 2006 watafiti wa Italia waliopima moyo na pumzi za wasikilizaji waliona kwamba muziki wa haraka unapandisha pumzi na mapigo, na kwamba kimya cha dakika 2 kilichowekwa kati ya vipande kiliwatuliza watu hata chini ya walivyokuwa kabla ya kuanza. Muziki wenye vimya vingi hautendi uchawi kwa aliyelala. Unampa nafasi ambayo labda hakuwa nayo juma zima.

NYWELE KUSIMAMA

Kiswahili cha pwani kina neno ambalo sisi huku hatulitumii sana. Zile nywele laini za mwilini, zinazosimama mtu akisikia baridi au woga, zinaitwa malaika. Ndiyo, neno lile lile. Nilipomwambia mpigaji alicheka sana, akasema: "Donc ule dada malaika yake ilisimama, na bo wanasema pepo."

Nywele kusimama kwa sababu ya muziki ni jambo linalojulikana na kupimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, waliwachukua watu wanaosisimka kwa muziki, wakaangalia ubongo wao wakati wanasikiliza nyimbo wanazozipenda. Waliona kwamba ubongo unatoa dopamini, kemikali ile ile inayohusika na furaha ya chakula kwa mwenye njaa. Tena inatoka mara mbili: sehemu moja ya ubongo inaitoa wakati mtu anangoja kilele, na sehemu nyingine kilele kinapofika. Si kila mtu husisimka hivyo, na anayesisimka hasisimki kwa kila wimbo.

Hapo niseme jambo moja kwa wale wanaoogopa kwamba sayansi inafukuza imani. Kujua kwamba dopamini imetoka hakukuambii kama mtu alikuwa anasali au hapana. Machozi ya furaha na machozi ya moshi wa makala yanatoka kwenye jicho moja. Sayansi inatuambia njia ambayo sauti ilipita ndani ya mwili. Haituambii mtu alikutana na nani mwisho wa njia. Hilo ni lake na Mungu wake. Ila inatuzuia kusema kwa haraka kwamba mwili uliotetemeka umeshikwa na pepo.

LIKEMBE YA BABA

Jibu la yule papa ndilo lililonifundisha zaidi. Sisi vijana tulisikia kitu kigeni, cha mbali, cha ajabu. Yeye alisikia nyumbani.

Alieleza kwamba baba yake alikuwa anakaa mlangoni jioni na likembe mapajani, anapiga vidole gumba polepole, haimbii mtu, hachezeshi mtu. Watoto walijua wasimsumbue. Likembe inalia namna hiyo: noti inachomwa, kisha inakufa yenyewe hewani. Piano pia ni hivyo. Ni nyundo inayogonga waya, na toka sekunde ya kugongwa sauti inaanza kufa. Mpigaji hawezi kuikuza tena kama mwimbaji au mpiga violini. Jirani zetu wa Rwanda na Burundi wana inanga, na kule Burundi kuna namna ya kuimba nayo kwa kunong'ona. Muziki wa mtu mmoja na chombo chake, usiku, si mgeni katika Maziwa Makuu. Tumeusahau tu kwa sababu siku hizi muziki kwetu ni spika kubwa, umati na kucheza.

Basi hofu ya kitu kigeni ilitokana na umri wetu. Mzee hakuogopa kwa sababu alikuwa na mahali pa kuiweka sauti ile.

YULE ALIYEKIMBIA

Sasa tufike kwa kijana aliyetoka, maana ndiye ushahidi mkubwa wa wazee.

Nilimtafuta. Hakutaka kuongea kwanza. Siku ya pili tulikaa, akaniambia, na amenikubalia niandike bila jina lake.

Kipande cha tatu kinashuka sana mkono wa kushoto, noti nzito zinarudiarudia na pedali imekanyagwa. Noti ya chini kabisa ya piano hutetemeka mara 27.5 kwa sekunde. Sikio la binadamu linaanza kusikia karibu na mara 20. Kule chini, sauti unaisikia nusu kwa sikio na nusu kwa mwili. Na sisi, bila kufikiri, tulikuwa tumeweka ile spika kubwa chini, juu ya sakafu ya mbao, karibu na kiti chake. Mbao zilitetemeka. Glasi ya maji kando yake ikaanza kulia.

"Hapana pepo, yaya," aliniambia. "Ni chini njo ilitetemeka."

Wenye kukaa Goma hawahitaji maelezo, lakini wasomaji wetu walio mbali niwaambie. Usiku wa Jumamosi 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, lava ikashuka mpaka pembeni ya mji. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku, kuta zikapasuka, mtu analala na nguo na viatu. Asubuhi ya 27 Mei tukaamriwa, mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame mara moja. Barabara ya Sake ikajaa watu. Yeye alikuwa kwenye barabara hiyo, amembeba bibi yake mgongoni. Toka siku hizo, akisikia sakafu inatetemeka chini ya miguu, miguu inatoka nje kabla kichwa hakijaamua. Hata lori zito likipita.

Nilimwuliza kwa nini hakusema, ili mwenzake asiumie. Alinyamaza muda. "Mwanaume kusema alikimbia mbao?" alisema. Aliona afadhali watu wafikiri alikimbia pepo, maana pepo anakimbiwa na kila mtu.

Hapo ndipo nilipoona uzito wa jambo hili. Tuna neno moja, mistiki, na tunaweka humo kila kitu ambacho hatuna namna ya kukisema: huzuni ya dada yule, uchovu wa yule aliyelala, likembe ya mzee, tetemeko la 2021. Neno likishafunga mlango, hakuna anayeuliza tena. Na anayelipa ni mtu mwingine, kijana na kinanda kisicho chake.

JARIBIO LA BARAZANI

Nilibaki na swali: mwaliko wangu uliharibu kiasi gani? Nilikuwa nimerekodi jioni ile kwa simu. Nikachukua watu 12 ambao hawakuwepo, wengi wanafunzi, nikawagawa sita sita. Tulisikiliza barazani, kwenye sementi, spika ikiwa juu ya meza. Kipande kilikuwa kimoja. Sita wa kwanza niliwaambia: "Huu ni muziki wa mtawa mzee, alikuwa anaupiga monasterini." Sita wa pili niliwaambia: "Huu ni muziki wa mistiki."

Kundi la kwanza walitaja sala, mvua, mama, usingizi, na mmoja alisema unachosha. Kundi la pili wanne kati ya sita walitaja usiku, makaburi au mtu anayetembea nyuma yao. Hakuna aliyekimbia.

Tusidanganyane, huo si utafiti. Watu 12, wote wananijua, na mimi nilijua ninachokitafuta. Ingekuwa kazi ya kufunga masomo, profesa angeirudisha. Lakini ilinitosha kuona kwamba nilikuwa nimewapa watu jibu kabla ya kuwapa muziki.

NITAKACHOWAAMBIA WAZEE

Jumamosi nitaenda na mpigaji, wakinikubali niingie. Sitaenda kuwafundisha wazee. Wao wana kazi ya kulinda watu wao, na katika mji huu ambamo watu wameonewa na kudanganywa mara nyingi, kulinda si dhambi. Nitasema mambo matatu.

La kwanza, neno mistiki liliandikwa na mimi, si na yeye, nami nililiandika vibaya. La pili, mtunzi ni nani na aliishi vipi, wajipimie wenyewe. La tatu, kuna mtu alitoka chumbani, na sababu yake naijua, ila si yangu kuisema bila ruhusa.

Juzi jioni yule kijana alinipigia simu. Aliuliza kikao ni saa ngapi. Nikamwambia ni saa nane. Akasema hatasema kitu, atakuja tu akae nje kwenye benchi, na kama wakimwita ataingia. Sikumsukuma zaidi ya hapo.

Na ninyi ndugu zangu mnaosoma, siku nyingine muziki ukiwashika kwa namna msiyoielewa, kabla ya kuupa jina jiulizeni maswali madogo. Noti zipi zinakwaruzana? Pigo liko wapi, au haliko? Nimeambiwa nini kabla ya kusikia? Nimekumbuka nini? Spika iko wapi? Mkishajibu hayo, kama bado kuna kitu kinabaki, basi kinabaki. Mimi pia kwenye kile kipande cha kwanza kuna mahali mkono wa kulia unasimama kidogo kabla ya kurudi chini, na kila mara nikifika hapo nashindwa kumeza mate. Nimeeleza mambo yote haya, na hapo sijapaeleza.